Kiti Kilichokwepa Mgomba

Bibi Shamba hakunywa chai ya mtu kabla mwenye nyumba hajainywa. Alishika kikombe, akakizungusha, akauliza habari za watoto mmoja mmoja mpaka mwenyeji apige funda lake. Hapo naye akapeleka mdomoni. Alimfanyia hivyo hata mchungaji wetu, tena siku ya Pasaka, na mchungaji akaunguza ulimi kwa kuharakisha ili mgeni anywe. Kwa ninavyojua hakuna aliyewahi kujaribu kumwekea sumu, ingawa nawakumbuka wakulima wawili watatu ambao wangelifikiria jambo hilo kwa utulivu.

Alikuwa bibi shamba wa kata yetu ya Mabira tangu mimi sijaota ndevu. Alipostaafu, jina halikustaafu. Hata nyumbani kwake ukimwita kwa jina la ubatizo alichelewa kugeuka, kama mtu anayedhani anaitwa jirani. Mimi nilikuwa katibu wa baraza la kata, yeye mjumbe, na tulikaa benchi moja miaka mingi. Nilipoandika alinisomea juu ya bega. Nikiruka hata neno moja alilosema shahidi, alinigonga kwa kiwiko.

"Hilo la mbuzi umeliacha wapi?"

"Mama, mbuzi si sehemu ya kesi."

"Wewe unajuaje?"

Basi nikaandika mbuzi. Daftari zangu za miaka ile zimejaa mbuzi, kuku, harusi zilizovunjika na mvua zilizochelewa, kwa sababu Bibi Shamba hakumwamini mtu yeyote kuchagua kipi ni cha maana. Mkulima akimwambia mibuni yake imeshambuliwa na wadudu, alisema, "Nionyeshe." Akimwambia hakutandaza nyasi kwenye migomba kwa sababu mgongo unamuuma, alisema vilevile nionyeshe, na mzee wa watu akajikuta anapandisha shati mbele ya mkewe.

Lakini mtu huyohuyo hakufunga mlango wake kwa kufuli hata siku moja. Niliwahi kumuuliza. Akanijibu, "Nikifunga, nitamjuaje mwizi ni nani?" Na huyohuyo aliyezunguka kata nzima akihimiza watu wang'oe mibuni iliyozeeka, mbele ya nyumba yake alikuwa na mibuni saba ya mama yake, imejikunja, imeota ukungu, inazaa punje za kuhesabika. Ukimgusia alisema hiyo ni ya majaribio. Majaribio ya nini, hakusema, na mimi nilijifunza kutouliza.

Nilimpenda mama yule. Niseme pia kwamba sikumwamini sana, na kosa ni lake, kwa sababu kutoamini alinifundisha yeye.

Kilichompa jina kubwa kuliko kahawa kilikuwa mipaka. Miaka thelathini ya kukagua vibanja, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na mibuni, ilimwachia kichwani ramani ambayo ofisi yoyote ingeitamani. Vibanja vyetu vinapakana kwa mulamula, ule mmea wa majani marefu ambao ukikata kipande na kukichomeka ardhini kinashika. Shida ni kwamba kikishika kwako, kinaweza pia kung'olewa usipokuwepo na kushika hatua tatu mbele. Watu wakishagombana vya kutosha, wanaletwa barazani, na baraza letu lilikuwa na utaratibu wake. Anayeujua mpaka anatangulia peke yake. Hasemeshwi. Wagombanao wanafuata nyuma, na mjumbe mmoja anachomeka mulamula pale pale alipopita. Akifika mwisho, mimi naandika: aliyepita mpaka ni fulani. Kazi yetu ilikuwa kusuluhisha tu, lakini watu wakishaona mulamula umesimama, wengi walirudi nyumbani wakapika.

Huyo fulani katika daftari zangu ni Bibi Shamba karibu mara zote. Walikuja kumwomba hata kutoka Kibingo na Songambele. Alitembea taratibu, sketi ameikusanya kwa mkono mmoja, na hakukwepa kitu. Kama mpaka ulipita katikati ya kichaka, alipita katikati ya kichaka. Siku moja alipita jikoni kwa mtu, akaingilia mlango wa mbele akatokea wa nyuma, wenyewe wanamenya ndizi, na jiko lile likavunjwa mwezi uliofuata.

Kisha kisukari kikamchukua mguu wa kushoto, na ule wa kulia ukabaki wa kuning'inia tu. Mkono nao ukaanza kutetemeka. Kwa karibu miaka miwili alikuwa mtu wa kitandani na wa kiti cha plastiki mlangoni. Tulimtembelea, bila shaka, kama watu wanavyotembelea. Tulipeleka ndizi, tukakaa, tukaangalia mlango. Mipaka ikapitwa na wengine, na wengine walikosea. Alikuwa akipata habari zote na kuzisikiliza ameuma meno.

Kiti kililetwa na mradi wa chuo kimoja cha mjini. Walikuwa wanatafuta watu wa vijijini wa kukijaribu, watu wa njia mbaya, na muuguzi wa zahanati akawatajia yeye. Kilikuwa kiti cha betri, kipana, chenye matairi yenye meno kama ya pikipiki ndogo, kamera mbili mbele na paneli ya sola ya kukichajia. Fundi wa mradi, mwanamume mpole mwenye miwani, alitueleza uani kwake. Unasukuma kijiti hiki unakotaka kwenda. Kiti kinatazama njia kwanza. Kikiona shimo, jiwe au mtu, kinapunguza mwendo na kupinda chenyewe, halafu kinaendelea. Na mkono ukitetemeka, kinajua huo ni mtetemeko, kinanyoosha safari.

Bibi Shamba alimsikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza, "Kwa hiyo anayeendesha ni nani?"

"Ni wewe, Mama. Chenyewe kinakusaidia tu."

"Tukitofautiana?"

Fundi akacheka. Yeye hakucheka. Fundi akamwonyesha kitufe cha kuzima msaada, akamwomba asikizime akiwa nje, maana kwa mkono ule angejiangusha.

Wiki ya kwanza aliitumia kukichunguza kama alivyochunguza chai. Alimweka kuku mbele yake, kikasimama. Alifunika shimo la takataka kwa mkeka. Kikasogea, kikasita, kikarudi nyuma. Akakielekeza kwenye ukuta wa nyumba yake, kikakataa, akakitukana kwa Kinyambo maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa. Tukizungumza mambo ya watu alikifunika kamera kwa kitenge. "Sijui nani yuko upande wa pili," alisema. Na hakuwa peke yake. Kwenye kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, walisema kiti kile kinapima ardhi ya watu, kila kinapopita kinatuma vipimo mjini, na siku moja tutaamka tuambiwe kibanja kina mwenyewe. Niliwacheka. Halafu kilipokuja kwangu nikajikuta nakipokea barabarani badala ya kukikaribisha ndani.

Kanisani kilituaibisha. Wakati wa kwenda mezani kwa Bwana watu walijaa njiani, na kiti kikawa kila kikiona mtu kinasimama. Kinaomba njia kwa mlio mdogo, kinasimama tena. "Genda!" Bibi Shamba alikikemea, nenda, na kwaya ikapoteza sauti ya pili kwa kicheko.

Lakini nilimkuta alasiri moja kwenye mibuni yake ya chini, kule ambako hakuwa amefika tangu augue. Alikuwa peke yake na kiti chake, ameshika tawi, uso umelowa, wala hakujificha.

"Katibu," akaniambia, "nimefika huku. Hakuna aliyenibeba."

Nikamwambia nimeona.

Akarudi barazani. Alipita mipaka miwili kwa kiti, yote ya njia nyeupe, na tulifurahi sana kumwona mbele tena hata hatukuwaza kubadili utaratibu wetu. Alipopita ndipo tulipochomeka. Zamani tulifuata nyayo. Sasa tukafuata alama za matairi, tena zilionekana vizuri zaidi. Wajumbe wote waliliona jambo hilo kuwa maendeleo. Mimi nililiandika hivyo kwenye daftari, Mungu anisamehe.

Kesi ya tatu ilikuwa ya Mama Koku, mjane, na shemeji yake. Mume alipokufa, shemeji alikumbuka ghafla kwamba mpaka wa ndugu yake uliishia kabla ya mibuni kumi na minne, ile mizuri kabisa, ambayo Mama Koku alikuwa ameipanda kwa mikono yake na kusomeshea watoto. Mulamula wa zamani ulikuwa umetoweka. Shemeji alisema umeoza. Hakuna aliyekumbuka mstari isipokuwa Bibi Shamba.

Siku hiyo nilimtilia shaka tangu asubuhi. Kulikuwa na mtaro wa maji wa kuvuka, na waliombeba yeye na kiti chake kuvuka walikuwa wanaume wa upande wa shemeji. Waliombeba kwa heshima mno, "pole Mama, taratibu waitu", kisha wakampa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu hupewa mgeni, naye akaipokea, akaitafuna bila kumsubiri mtu. Nikajiambia, haya, leo tumeuzwa.

Akatangulia. Njia ilishuka kidogo kati ya vibanja viwili, na mbele kulikuwa na shina kubwa la mgomba lililoinama, na ubavuni mwake shimo la zamani la maganda ya kahawa lililojaa tope. Kiti kilifika pale kikapunguza mwendo. Kikapinda kuelekea kwa Mama Koku, kulikokuwa na ardhi tambarare. Nilidhani kitarudi kwenye mstari. Kilipita kando ya mgomba, kikakuta mwingine, kikauzunguka na huo, na kuanzia hapo kikateremka upande ule ule mpaka mwisho. Mjumbe nyuma yake alikuwa anachomeka mulamula kwa bidii kila hatua. Mibuni kumi na minne yote ikabaki kwa shemeji.

"Mama," Mama Koku alisema, "hapa sipo. Wewe mwenyewe ulinipimia mistari hii nikipanda."

Bibi Shamba alikuwa akiutazama mgomba. Akageuza uso.

"Nani amepita?" aliuliza. "Mimi au wewe?"

Nikaandika, kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi: aliyepita mpaka ni Bibi Shamba. Mama Koku aliondoka bila kuaga. Usiku wote ule niliilaumu kahawa ya kutafuna.

Majuma mawili baadaye yule fundi alikuja, kama alivyokuja kila mara, kuchukua kumbukumbu za kiti. Alipita ofisini kwangu kuomba umeme wa kompyuta yake, na kwa kuwa mimi naye tulishazoeana akanionyesha safari za Bibi Shamba. Kila safari ilikuwa na mistari miwili. Mwekundu ni mkono wake unavyosukuma kijiti. Wa bluu ni kiti kilivyokwenda. Alijisifu kwamba mistari inakaribiana sana, isipokuwa hapa na hapa.

"Hapo ni wapi?" nilimuuliza.

Akasoma tarehe. Ilikuwa siku ya Mama Koku. Mstari mwekundu ulitetemeka kama mwandiko wa mzee, lakini ulikwenda mbele moja kwa moja, katikati ya mgomba, katikati ya shimo la tope. Wa bluu ulijitoa pembeni na kwenda zake.

Fundi alifurahi. "Unaona kilivyomwokoa? Angetumbukia."

Nilikaa nimeshika kichwa. Kumbe hakutuuza. Niliona aibu kwa yale niliyowaza, na mara ileile wasiwasi mbaya zaidi ukanijia, kwa sababu mkono uliosukuma kijiti mbele ulijua vizuri kwamba kiti kimekwenda kulia.

Nilimwendea alasiri ile ile. Alikuwa uani, ndani ya kiti chake. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umemwona fundi?" Hakuna kitu alichoacha kujua. Alichukua kitenge akafunika kamera.

"Nimeona mistari miwili," nikasema.

Alikivuta kitenge kikaziba kamera zote mbili.

"Nilijua pale pale," alisema. "Nilisukuma mpaka mkono ukauma. Kikakataa."

"Kwa nini ulinyamaza? Mama, yule mjane hana kingine. Ungesema neno moja tu!"

"Niseme nini? Kwamba siendeshi mimi? Kwamba naketi tu, ninapelekwa?" Mkono wake ulikuwa unaruka juu ya mapaja, akaushika kwa ule mwingine. "Miaka miwili mlikuja hapa mkiangalia mlango, Katibu. Nilikuona. Siku ile watu wote walikuwa nyuma yangu wananitazama natembea."

La mlango lilikuwa kweli. Nikamwambia tu kwamba Mama Koku ameanza kuhamisha kuni zake kutoka kwenye ile mibuni. Aliinamisha kichwa. Nilipoinuka kuondoka akasema, "Itisha baraza. Jumamosi. Kulekule."

Walikuja watu wengi, kwa sababu habari ya kiti kinachopima ardhi ilikuwa bado inatembea. Bibi Shamba alibebwa kuvuka mtaro na wajumbe safari hii. Akajiweka mwanzo wa mpaka, akatuambia tusogee, akasema bila kutafuta maneno.

"Mulamula huu si wangu. Mimi nilielekeza kule, kiti kikapita huku, nami nikanyamaza. Ni uongo wangu, si wa kiti."

Kelele zilipotulia, shemeji mtu alijitokeza. Hakuwa mjinga. "Vizuri, Mama. Na ile mipaka miwili ya kabla? Nayo uliipita kwa kiti hikihiki. Tuing'oe?"

Nilimwona akitafakari. Alijua anaulizwa nini. Akikubali, hakuna atakayemwita tena, si kwa kiti, si kwa lolote.

"Ing'oeni," alisema. "Yote. Ipitwe upya."

"Na huu nani ataupita? Wewe huna miguu na kiti chako kina akili zake."

Bibi Shamba akabonyeza kitufe cha msaada, akakizima. Nikadhani anataka kupita hivyohivyo, nikasogea kumzuia. Lakini alizima na kile kingine, cha mwendo, kiti kikatulia kama benchi. Akaninyooshea kidole.

"Katibu. Tangulia."

"Mimi, Mama? Mimi ni wa kuandika."

"Daftari niachie. Nenda mbele mpaka nikwambie."

Nikaenda. Nyuma yangu mjumbe na mulamula, nyuma yake wagombanao, na nyuma yetu sote sauti ya Bibi Shamba peke yake, kwa kuwa kila mtu alitufuata. "Mbele. Mbele. Kushoto kidogo. Mbele." Nilifika kwenye mgomba. Miguu yangu, nakiri, ilipinda yenyewe kwenda kwenye nafasi tambarare, pale pale kiti kilipopinda.

"Usikwepe!" akapiga kelele. "Pita!"

Nikausukuma mgomba kwa bega, nikapita. Nikaingia shimoni hadi magotini, tope la maganda lililooza likaniingia kwenye soksi, nikatoka ng'ambo, nikanyoosha moja kwa moja kama alivyonielekeza. Mama Koku alikuwa nyuma akilia na kucheka, "Hapa ndipo, mawe, mama yangu, hapa ndipo." Mibuni kumi na minne ilikuwa mkono wangu wa kulia, upande wake. Nilipogota kwenye mkuyu wa mwisho, watu wakaanza kubishana juu ya mulamula wa mwisho uchomekwe mbele ya mti au nyuma yake, na shemeji naye akibisha kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushindwa.

Katikati ya kelele hizo nikamsikia kwa mbali, nyuma ya migomba, ambako hakuweza kutuona.

"Mmefika?"

Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena. Nikaacha ubishi nikarudi mbio njia ileile, shimoni na kila kitu, nikamkuta pale alipokuwa, peke yake, mikono yote miwili juu ya kijiti kilichozimwa, bado anakisukuma mbele.

"Tumefika, Mama."

Akanitazama usoni, kisha akanitazama viatu, akayaangalia yale matope kwa muda.

"Haya," alisema. "Chukua daftari lako. Aliyepita mpaka ni nani?"

Nilianza kuandika jina lake. Akanigonga kwa kiwiko, akangoja mpaka nilipolikata na kuandika langu.